Onyo la Tatu kwa Ngiri

Hekaya hii alitusimulia kwanza shangazi Mwanahamisi Shekivuli, masika ya mwaka 1978, nami sijaongeza neno.

Katika mtaa wa mashimo, katibu wa wakazi alikuwa Nungunungu, aliyependa kanuni kuliko majirani. Mvua zilipokaribia alibandika tangazo: masika haya kila mkazi aingie nyumbani kwake kwa kutanguliza kichwa, kwa ajili ya heshima ya mtaa.

“Ndugu Katibu,” akasema Ngiri, “kwetu tunaingia kinyumenyume, ili Fisi akija akute pembe, asikute mkia.”

“Hayo ni ya babu yako. Usipotii, utahama.”

Ngiri hakuwa na shimo jingine, akatii. Alitanguliza kichwa, akakwama, mkia ukabaki nje umesimama wima. Nungunungu akamletea onyo la pili: ni marufuku kuacha vitu nje ya nyumba wakati wa mvua.

“Basi nivute, mzee,” Ngiri akasema kutoka ndani.

“Kuvuta wakazi si kazi ya katibu.”

Fisi akapita, akauona mkia. “Hiki cha nani?”

“Kimeachwa nje kinyume cha kanuni,” akajibu Nungunungu. “Kiondolewe.”

Fisi akauma, akavuta kwa nguvu zake zote. Ngiri akachomoka, akageuka, akampiga pembe za mdomo, kisha akarudi shimoni kinyumenyume. Nungunungu akamwandikia onyo la tatu.

Ngiri yu hai, bila mkia. Fisi yu hai, bila meno ya mbele. Nungunungu alifariki kiangazi kilichofuata, na majirani walimwingiza kaburini kwa kutanguliza kichwa.