Nafasi za Mnara

Mnara wa mtaa wetu hubeba simu arobaini tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye shughuli hupita kwanza kwa majirani kuomba nafasi zao. Binti yangu alipovishwa pete nilibisha kila mlango isipokuwa wa Bi Mwanaheri. Nilijua angekataa. Siku hiyo binti yake Zuhura, aliyeko Mwezini, huruhusiwa kupiga, mara moja tu kwa mwaka.

Wageni wakafurika, simu zao zikaujaza mnara, umbea ukanoga.

Asubuhi Bi Mwanaheri alikuja kuchukua sinia lake.

"Shughuli ilifana, shoga?"

"Ilifana, dada. Na Zuhura?"

"Hakupiga. Nadhani amenisahau."

Nikamfungia pilau iliyobaki, nyama nyingi juu.

"Watoto wa siku hizi, dada," nikasema.