Kitambaa cha Buluu

Hemedi alikuwa ameshabadilisha waya, lakini mashine ya gemu bado ilikataa kuiona diski. Alipuliza tundu, akachomeka upya. Maandishi yakatokea kwenye televisheni: diski haisomeki, ifutwe yote ianze upya? Akabonyeza ndiyo. Gemu angezipakua tena.

Mkewe, Mwanakombo, aliingia na chai. Alipenda kufuma, na nyumbani mwake hata rimoti ilikuwa na kitambaa chake. Diski mbili za kabatini zilifanana, kwa hiyo Hemedi aliivisha ya gemu kitambaa cheupe, na ya buluu ikawa ile yenye video za marehemu mama mkwe. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Baba Nasra, umeona vitambaa vilivyotakata?" Mwanakombo alisema. "Jana nilivivua vyote nikavifua."

Hemedi akatazama kitambaa cheupe mapajani mwake. "Na vya diski?"

"Navyo. Nimevirudisha tu, si vinaingia diski yoyote?" Akafungua kabati, akamnyooshea diski yenye buluu. "Ukimaliza gemu zako niwekee mama, nimsikie kidogo."

Nyuma yake, kwenye televisheni, mstari wa kijani wa kufuta diski ulikuwa umefika nusu. Hemedi alikuwa ameushika waya, hajauchomoa.