Mabinti wa Kijivu

Dulma alikuwa ameikalia kamba ya kumwangushia farasi, na hakuwa na nia ya kuinuka. Kisu kilikwisha kunolewa, bakuli la maziwa ya kunawia lilikuwa tayari, moshi wa mreteni wa kutakasa ulikwisha kufukizwa. Majirani waliokuja kusaidia kazi ya kuhasi walikunywa chai yao ya chumvi polepole, wakijifanya hawaoni kitu.

"Mama Gerel, inuka basi," mumewe Tseren alimwambia kwa sauti ya chini. "Watu wanatutazama."

"Wacha watazame. Hasini farasi yeyote mnayemtaka. Kijivu hamumgusi."

Kijivu mwenyewe alikuwa anakula nyasi na majike wake nje ya zizi, manyoya ya shingo yakimfika karibu na magoti. Katika mbio za kiangazi, kwa miaka yote aliyokimbia, farasi wenzake hawakuwahi kumjua sura. Walimjua mkia tu. Alipostaafu, Dulma alimpa majike wake bora kabisa, akakaa kusubiri watoto.

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Bingwa alikuwa amelelewa peke yake, wa kufungwa, kukimbizwa na kukwanguliwa jasho, na mambo ya majike hakuyajua hata kidogo. Kiangazi chake cha kwanza walimpiga mateke mpaka akawa analisha pembeni kama mgeni asiyealikwa. Kisha ikaja wiki ya dhoruba. Farasi wa bonde zima walichanganyika, majike wa huyu na madume wa yule, na hali ilipotulia kila mtu alikusanya wake akarudi nyumbani. Baridi ilipokwisha, majike wa Dulma wakazaa.

Dulma alichinja kondoo kwa furaha. Jirani yake Baljir, mwenye farasi dume mweusi aliyesifika kwa uzazi, alikuja akala, akajifuta mafuta mdomoni, kisha akatangaza kwamba watoto wale ni wa Mweusi wake. Huyo mkimbiaji wenu, alisema, wiki ile alikuwa anajikinga na mvua tu. Watu walicheka mpaka wakamwaga vinywaji.

Tangu siku hiyo, wote waliokuwa wameomba kuleta majike kwa Kijivu walipita mbele ya hema la Dulma bila kushuka, wakaenda kwa Baljir. Tseren alichoka kuchekwa. Akasema atangoja mpaka mitamba wawili wa uzao ule wapevuke, basi. Dume hakai na binti zake. Wakipevuka huwang'ata na kuwafukuza waende wakatafute kundi jingine. Binti wa dume mwingine humbakiza, tena kwa mikono miwili kama angekuwa nayo. Kama Kijivu hatawafukuza, Tseren aliapa, atahasiwa awe farasi wa kupanda kama wengine.

Sasa siku ya kuhasi ilikuwa imefika, na mitamba wale walikuwa bado wanatembea kundini kwa raha zao.

"Hawajapevuka," Dulma alisema. Alishalisema hilo tangu alfajiri, na hata masikioni mwake lilianza kuchuja.

Baljir alitokea wakati huohuo, akiwaswaga mitamba watatu weusi waliong'aa. Alishuka, akampa Tseren kichupa cha ugoro anuse, kisha akamgeukia Dulma.

"Shemeji, nimekuja kukusaidia usiikalie kamba mpaka jioni. Hawa ni mabinti wa Mweusi, umri mmoja na hao wako, wa baada ya dhoruba ile, na wamepevuka, hata kipofu anajua. Wachanganye. Utaona atakavyowakumbatia wote watano, maana baba yao ni mmoja."

"Na akiwafukuza wangu?"

"Nitasimama kwenye mbio za kiangazi, mbele ya watu wote, niseme mimi ni mwongo."

"Utasema kwa sauti?"

"Kwa sauti, shemeji. Na asipowafukuza?"

Dulma aliinuka. Aliiokota kamba akaitupa miguuni pa mumewe. "Asipowafukuza, kisu nitawashikia mimi."

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika mbio zozote. Lakini kidevu chake kilikuwa juu, na hakukishusha.

Mitamba weusi waliingizwa kundini. Kijivu aliinua kichwa. Alimnusa mmoja, akamnusa mwingine, akazunguka, akasimama. Alisimama muda mrefu sana. Tseren aliinama akaanza kuikunjua kamba. Baljir alinusa ugoro na kutabasamu.

Ghafla masikio ya Kijivu yalilala. Alimrukia mtamba wa kwanza wa Dulma, akamng'ata kiunoni, akamkimbiza mpaka kando ya mto. Akarudi mbio, akamfuata wa pili, akamtoa kwa meno na kwato. Majirani walisimama wote. Tseren aliiachia kamba, akakitia kisu alani bila kumtazama mtu.

Dulma alicheka huku machozi yanamtoka. "Haya, Baljir. Anza kufanya mazoezi."

Baljir alikohoa, akakifunika kichupa chake. Alikubali, kwa shida, kwamba kwa hao wawili amekosea. Kisha akachukua ufito wake wa kunasia farasi, akajipa moyo mbele za watu. "Ngoja niwatoe mabinti wa Mweusi, shemeji, kabla huyu wako hajawapenda."

Lakini Kijivu alikuwa amekwisha kurudi kundini, masikio yamelala tena. Alimng'ata mweusi wa kwanza, akamtoa, akamfukuza wa pili, kisha akamkimbiza na wa tatu.