Mchanga Kichwani

Niliosha nywele za Nekoye tena, na bado mchanga ulitoka.

Alikuwa amekuja kwa saluni yangu hapa Kitale akilalamika kwamba mba inamsumbua. Nilimpaka ute wa shubiri, nikamsuuza na maji ya mwarobaini. Dawa hiyo haijawahi kunitia aibu. Lakini mba ni magamba mepesi, huelea. Hivi vitu vilizama kwenye beseni.

Nikavifikicha kati ya vidole. Udongo wa Kitale ni mwekundu, unanata. Huu ulikuwa mchanga wa kijivu, wenye chembe kali, kama wa kwetu Bumula.

"Ulienda matanga Bumula?"

"Si nilizika bwana yangu huko mwezi uliopita," akasema, macho ameyafumba ili shubiri isimwingie.

"Na hawakukunyoa?"

"Walinyoa watu wote wa boma. Mimi nilikataa, bana. Alizipenda sana hizi nywele. Kila jioni alikuwa ananikuna kichwa mpaka nalala."

Kwetu mjane hakatai wembe; ndio humtenga na marehemu. Nilishika beseni kwa mikono miwili, nikaenda kumwaga ule mchanga nje.

Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia akishusha pumzi. Nikageuka. Alikuwa peke yake kwenye kiti, macho bado ameyafumba, shingo ameilaza nyuma, anatabasamu.

"Hapo hapo, dada," akasema. "Nyuma ya sikio. Usiache."