Kichujio cha Machozi ya Mama

Sheria yetu tukufu yatamka kwamba haendi makaburini kuzika ila yule ambaye machozi yake yamepimwa yakakutwa na huzuni.

Bibi mzaa mama alipofariki, mpimaji wa kata, Mzee Mwaipopo, alifika na sanduku lake la vichujio vya machozi. Unga wa kichujio huloweshwa kwa spiriti, kisha kwa maji, na machozi hufuata kabla haujakauka. Ukikauka, haunasi kitu. Alilowesha kichujio cha mama, halafu akanogewa na chai na habari za mpira. Alipokumbuka, akamimina humo machozi ya mama.

"Huzuni hakuna," akatangaza.

"Mzee, kimekauka!" nikaropoka. "Hata sisi wa kidato cha pili tunajua."

"Kijana, una mdomo." Hata hivyo akalowesha kingine. "Haya mama, lia tena."

Mama alikuwa amelia tangu juzi; hakubakiwa na chozi. Nje, jeneza lilikuwa limeshainuliwa. Nikajitwika kazi niliyoizoea kuliko zote, kumliza mama.

"Mama, nimefukuzwa bwenini. Nilipaka gundi kiti cha mwalimu wa zamu."

Mama akanitazama, akacheka. "Bibi yako angefurahi kusikia hayo."

Mwaipopo akafunga sanduku. Tulimzika bibi bila mwanawe.