Tumbo la Robo ya Tatu

Mwalimu alianguka bila kuguswa na mtu. Alikuwa anakimbilia kikapu cha kushoto, akatupa jicho jukwaani, akasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni, kisha akashika tumbo na kujikunja sakafuni.

Fundi, mwamuzi mwenzake, akapuliza filimbi kusimamisha mchezo na kumkimbilia.

"Kaka, una nini?"

"Tumbo. Nitoeni hapa haraka."

"Umekula nini?"

"Maswali baadaye, dada. Nifunike taulo."

"Wapi?"

"Usoni."

Wachezaji wawili wa akiba wakambeba hadi chumba cha kubadilishia nguo, taulo usoni kama alivyotaka. Kanuni ilikuwa wazi: mwamuzi mmoja akiugua, husubiriwa dakika tano, asiporudi, aliyebaki humaliza mchezo peke yake.

Peke yake. Kabla ya mechi, Fundi akifunga kamba za viatu, alikuwa ameomba kwa maneno machache: "Mungu wangu, lije lolote, ila usiniache peke yangu." Sasa ona.

Tena siku yenyewe ndiyo hiyo. Chama cha waamuzi hutuma mkaguzi kimyakimya. Hajitambulishi, hukaa na watazamaji na kuandika. Fundi alikuwa ameshakaguliwa mara mbili, na mara zote mbili karatasi ilirudi na sentensi ileile: "Hapulizi mpaka amtazame mwenzake." Na kweli, Mwalimu ndiye aliyemfundisha kazi ya filimbi, na kila Fundi alipoona kosa, shingo ilimgeukia yeye kwanza. Akishindwa mara ya tatu, leseni inarudi chamani. Asubuhi hiyo ya Jumatano alikuwa amefunga duka lake la kushonea, akaacha sare za watu mezani, kwa ajili ya nafasi hiyo ya mwisho.

Mkaguzi huyo, Fundi alishamtambua. Mama mwenye miwani, safu ya tatu, aliyeingia robo ya tatu ilipoanza, daftari kubwa mapajani. Hakushangilia timu yoyote. Macho yake yalikuwa kwa waamuzi tu. Mwalimu alipoanguka aliandika kitu, akakikata, akaandika tena.

Na kama hilo halikutosha, nyuma ya meza ya mtunza muda alikaa babu mmoja mwenye kofia ya sufu, anayemenya machungwa na kumchokoza Fundi tangu mwanzo. "Refa, muulize mwenzako kwanza." Sasa alikuwa amepata jingine: "Leo utamtazama nani?"

Dakika tano zikaisha. Fundi akapuliza.

Shambulio la kwanza tu, mchezaji mrefu wa bluu akampiga mtu kiwiko. Shingo ya Fundi ikageuka yenyewe kumtafuta Mwalimu, ikakuta ukuta. Basi akapuliza.

Kocha wa bluu akaja juu. "Faulo gani hiyo?"

"Ya kiwiko. Ukitaka na yako, endelea kusema."

Kocha akakaa. Fundi mwenyewe alishangaa sauti ile imetoka wapi.

Baada ya hapo mkono ukachangamka, kama unavyochangamka mkasi ukishaona mstari wa chaki. Alikimbia huku, akarudi kule, akapuliza alichokiona na kuacha asichokiona. Zikiwa zimebaki dakika mbili, timu zikitofautiana kwa pointi moja, babu akaanza tena.

"Refa, mwenzako anasemaje huko aliko?"

Fundi akasimamisha saa, akamwendea taratibu, akainama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Neno moja zaidi, na machungwa yako utayamalizia nje ya geti."

Babu akarudia kumenya chungwa lake. Mchezo ulipokwisha, makocha wote wawili walimpa mkono, hata yule wa bluu.

Mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, babu alikuwa anamsubiri. Alipangusa vidole kwenye suruali, akatoa karatasi yenye mhuri wa chama.

"Mimi ndiye mkaguzi," alisema. "Nimekaa na waamuzi miaka mingi, sijafukuzwa kwa shikamoo mpaka leo."

Fundi akaisoma mara tatu. Chini ya neno "Amefaulu" kulikuwa na sentensi moja: "Hamtazami mtu."

Akaingia ndani machozi yakimlengalenga. Mwalimu alikuwa bado amelala kwenye benchi, taulo usoni.

"Kaka, nimefaulu."

"Hongera sana, dada," likasema taulo, kwa sauti nzima isiyo na ugonjwa wowote.

Fundi akamtazama. Akaketi pembeni yake polepole.

"Kumbe huumwi. Ulijiangusha makusudi, ili nisiwe na mtu wa kumtazama."

"Sisi ni ndugu," likasema taulo kwa upole. "Ningefanyaje?"

"Hakuna ndugu aliyewahi kunifanyia hivi. Nitakuombea kila siku."

"Hilo litanifaa."

Mlango ukabishwa. Aliingia yule mama wa safu ya tatu, daftari kwapani. Mwalimu alianza kugumia kwa maumivu. Mama akasimama juu yake, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, Mwalimu. Asubuhi uliponipigia simu kwamba huji shule, tumbo linakukata, mimi mwalimu mkuu wako nilikataa kabisa kuamini; nikaja na daftari la mahudhurio nikufumanie. Mungu anisamehe."

"Amina," likaitikia taulo.