Mzazi Anayetosha

Jioni Mwanahawa, msusi wa mtaani, alifika kumchukua mwanawe Shani kwenye kituo cha serikali cha kulelea watoto. Akauelekeza uso wake kwenye kamera ya mlango kama kila siku. Mlango haukufunguka.

"Mapato yako hayakufika kiwango, mama," sauti ya mashine ikasema kwa upole. "Mtoto amepewa mzazi anayetosha."

"Nimesuka wiki nzima, vidole vimekufa ganzi!"

"Ulisuka bure."

Kweli. Jirani yake Tausi alikuwa anaolewa, naye akamsuka yeye na ndugu zake wote bila malipo. Nani amtoze jirani kwenye harusi yake?

Mlango wa pili ukafunguka. Tausi akatoka, misuko ingali mipya kichwani, amemshika Shani mkono. Hakuinua macho.

Shani alimtazama Mwanahawa kama mtoto aliyefundishwa adabu.

"Shikamoo, shangazi," akasema.